Kubadilisha koki ya shawa iliyozama ukutani bila kuvunja marumaru

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nyumba yetu ipo Tabata, ilijengwa mwaka 1998. Koki ya shawa ya bafu la chumbani, ile ya kuzama ukutani, haizimi tena. Hata ukiikaza kwa nguvu zote, shawa inachuruzika usiku kucha. Marumaru za bafuni ni za zamani, hazipo tena madukani. Mafundi wawili wameniambia lazima ukuta ukatwe. Kweli hakuna njia nyingine?"

Jibu: Dada, usiruhusu grenda iguse ukuta huo bado. Koki ya kuzama ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwili wa brasi, uliofungwa kwenye bomba na kuzikwa kwenye saruji. Ndani ya mwili kuna kiti, yaani ukingo wa duara ambao maji hupitia. Ya pili ni kichwa: kipande chenye spindo (kijiti kinachozungushwa na mpini), kinachofungwa mbele ya mwili kwa nyuzi kama za skrubu, na ambacho mwisho wake hukandamiza kiti ili maji yakatike. Kinachochakaa ni kichwa, na kichwa hutolewa kwa mbele, kupitia tundu lililofunikwa na ile sahani ya kromu. Kwa dalili ulizoeleza, kazi yako inaelekea kuwa ya kubadilisha kichwa, pengine na kusawazisha kiti.

Hakikisha kwanza tatizo ni hilo. Shawa pana ya mvua hubaki na maji ndani yake, na inaweza kudondosha kwa dakika kadhaa baada ya kufungwa. Huo si ugonjwa. Ukikuta bado inachuruzika saa nzima baadaye, washa (kile kipande cha mpira kilicho mwisho wa kichwa) imeisha au kiti kimelika. Maji yakitokea kwenye shingo ya mpini wakati shawa imefunguliwa, lakini yakakatika ukifunga, kinachovuja ni glandi, yaani kizibo kinachozunguka spindo: kaza nati yake kidogo sana, au badilisha oringi (pete yake ya mpira), na kazi imekwisha. Mpini ukizunguka bila kikomo, meno ya mpini au nyuzi za spindo zimelika. Ila ukuta wa upande wa pili ukiwa na unyevu, au rangi yake inafura na kumeguka, hapo tatizo liko kwenye bomba au kwenye mwili wa koki, na nitalirudia mwishoni.

Na acha kuikaza kwa nguvu. Kila ukikaza, spindo inasaga mpira uliokwisha juu ya brasi, na kiti kinazidi kuchimbika.

Kabla ya kushika spana

Jaribu geti valvu ya tanki siku moja kabla. Ifunge, fungua bomba la jikoni, subiri dakika kumi. Bomba likiendelea kutoa maji, geti valvu haifungi sawasawa, jambo la kawaida kwa geti valvu iliyokaa miaka bila kuguswa. Hapo una njia mbili: kumaliza maji ya tanki, au kubadilisha hiyo valvu kwanza kwa bolu valvu ya robo mzunguko. Kazi yote ianze asubuhi ya siku ya kazi. Kichwa kikishatoka na duka likawa limefungwa, nyumba nzima inalala bila maji.

Kama una hita, zima swichi yake kubwa kabla ya kufunga maji. Hita ya tangi ifungiwe na maji yake ya kuingilia, kisha fungua bomba la maji ya moto presha ipungue. Halafu fungua bomba la chini kabisa nyumbani ili mabomba yajitoe maji, na koki ya shawa uiache wazi. Ziba tundu la maji la sakafuni kwa kitambaa. Skrubu ya mpini ni ndogo na tundu hilo huimeza.

Ujue pia bomba lako ni la aina gani, kwa sababu nguvu utakayotumia inategemea hilo. Angalia pale bomba linapotoka ukutani, au kule kwenye tanki. Sumaku ikinata, ni GI, yaani bomba la chuma lililopakwa zinki. Likiwa la plastiki nene ya kijani au nyeupe, na viungo vyake vimeyeyushwa pamoja, ni PPR. Kwa nyumba ya 1998 usishangae kukuta GI ukutani na PPR ya marekebisho juu ya dari.

Kutoa kichwa

Bandua kifuniko kidogo cha mpini kwa ncha ya kisu. Chini yake kuna skrubu, mara nyingi ya bisibisi nyota; mipini mingine ina skrubu ya ufunguo wa pembe sita pembeni. Mpini ukigoma kutoka, usiupige kwa nyundo, maana kila pigo linaingia kwenye mwili wa koki. Funga kitambaa kilicholowa siki ya moto kuzunguka mpini kwa nusu saa, kisha uvute huku ukiutikisa. Kinachoushika mara nyingi ni chumvi ya maji ya kisima, na siki huila. Sahani hutoka kwa kuzungushwa au kuvutwa. Kama imepakwa silikoni, pitisha wembe kuizunguka kwanza ili isiondoke na kauri ya marumaru.

Sasa utaona kichwa chenye pembe sita, na pengine kimezungukwa na saruji au grauti. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi hutaka kuuona mwili wote, anachimba saruji kuuzunguka, na kwa kufanya hivyo anaondoa kitu pekee kinachoushika usizunguke. Chimba kwa bisibisi jembamba au patasi ndogo mpaka pembe sita ziwe huru na spana iingie, basi. Saruji iliyo nyuma ya pembe hizo iache. Na usivuke duara la sahani: chochote kitakachomeguka nje ya duara hilo kitaonekana milele.

Spana ya kawaida haitaingia humo. Unahitaji spana ya boksi ndefu, yenye uwazi wa kumeza spindo. Pembe za vichwa hutofautiana, kwa hiyo pima upana kwa kalipa kabla ya kwenda kununua. Ikiwa ni milimita 21, spana ya plagi ya gari inatosha, na mafundi wengi huitumia hiyo hiyo.

Sababu ya tahadhari zote hizi ni kwamba kinachoweza kukulazimisha kukata ukuta ni kiungo cha bomba, hata marumaru zikibaki salama. Kwenye GI, mwili wa koki umefungwa kwa katani iliyokauka miaka mingi. Ukizunguka hata digrii chache, katani inapasuka na maji yanaanza kuvuja ndani ya ukuta. Kwenye PPR, ule uzi wa brasi umepachikwa ndani ya plastiki. Ukilazimishwa sana, brasi inazunguka ndani ya plastiki na kiungo kimekufa. Nguvu ya polepole, ile ya kuegemea spana kwa mwili mzima, ndiyo inayozungusha kila kitu kwa pamoja. Pigo fupi fupi huvunja kutu kabla mwili haujapata nafasi ya kusogea.

Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka uzi jioni, rudia asubuhi. Mimina maji ya birika juu ya kitambaa kilichozungushiwa kichwa, ukirudia mara tatu nne. Brasi inatanuka na chumvi inapasuka. Usitumie moto wa gesi: PPR italainika, na marumaru iliyokaa karibu na moto hupasuka. Weka spana, kisha anza kwa kukaza kidogo tu, upana wa kucha, ndipo ugonge mpini wa spana kwa nyundo ndogo kuelekea kulegeza. Mkono mwingine ushike mzizi wa spana ili isiyumbe. Kikianza kusogea, peleka mbele kidogo, rudisha nyuma, ongeza mafuta. Ukisikia kimelegea ghafla na laini kupita kiasi, simama, umulike kwa tochi. Ikiwa kinachozunguka ni mwili mzima na saruji yake inamong'onyoka, usiendelee.

Kichwa kikikatika na uzi wake ukabaki ndani, bado ukuta uko salama. Chukua kipande cha msumeno wa chuma, funga kitambaa upande mmoja upate pa kushika, kisha kata pete iliyobaki sehemu mbili zilizokaribiana, kutoka ndani kwenda nje. Ukiona mistari myembamba ya uzi inaanza kujitokeza, acha kukata. Pachika patasi ndogo na ugonge kile kipande kati ya mikato miwili kiingie ndani. Pete ikishapungua mzunguko, itatoka kwa koleo. Brasi yenye rangi ya waridi na inayomeguka kama biskuti ni brasi iliyoliwa: maji ya chumvi yameondoa zinki na kuacha shaba tupu. Kama rangi hiyo iko kwenye kichwa tu, sawa. Ikiwa uzi wa mwili nao uko hivyo, usifunge kichwa kipya humo.

Kukagua kiti na kununua kinachofanana

Mulika ndani. Kiti kizuri ni duara laini linalong'aa. Kikiwa na mtaro au shimo, washa mpya itadumu miezi michache tu kisha utarudi ulikoanza. Kuna kisagio cha kiti, kifaa cha mkono chenye meno mwishoni, kinachofungwa mahali pa kichwa na kuzungushwa. Mizunguko mitatu hadi mitano bila kukandamiza inatosha. Toa, safisha, angalia. Lengo ni kusawazisha tu, ukizidisha unatoboa. Baada ya hapo mtu mmoja afungue geti valvu sekunde mbili, wewe ukiwa na ndoo mbele ya tundu, ili kutu na chembe za brasi zitoke. Ukiruka hatua hii, chembe moja ya mchanga inatosha kukwaruza kichwa kipya cha kauri (kinachokata maji kwa visahani vya kauri badala ya washa) siku hiyo hiyo.

Nenda dukani na kichwa cha zamani mkononi. Usiende na picha ya simu. Vipimo ni vinne: kipenyo cha uzi, urefu kutoka bega la kichwa hadi washa, urefu mzima hadi ncha ya spindo, na idadi ya meno ya spindo. Wengi hukwama kwenye kipenyo. Uzi wa bomba wa nusu inchi, ukiupima kwa nje, unasoma karibu milimita 21, na wa robo tatu unasoma karibu 26.4, majina hayo yalitokana na tundu la bomba, kwa hiyo ukipima ukapata milimita 21 usiombe kitu cha robo tatu. Vichwa vingine vina uzi wa milimita, kama 24 au 28, na hivyo havibadilishani na vya inchi hata vikionekana kuingia. Kichwa kinachoingia mizunguko miwili kisha kikabana si cha kulazimisha. Meno ya spindo hesabu moja moja: 20 na 24 ndiyo ya kawaida, na mpini wa 20 haukai kwenye spindo ya 24.

Maduka ya Kariakoo yanayouza vipuri vya koki yana makopo yaliyojaa vichwa vilivyochanganyika, na uvumilivu wa kulinganisha kimoja kimoja unalipa. Kwaruza uzi kwa ufunguo: ukionyesha unjano ni brasi, ukionyesha kijivu ni zinki iliyopakwa kromu, ambayo maji ya visima vyetu yataimaliza mapema. Kama urefu na uzi vinalingana, unaweza kuhama kutoka kichwa cha washa ya mpira kwenda cha kauri cha robo mzunguko. Binafsi, kwa nyumba inayotumia maji ya kisima yenye mchanga bila chujio, ningebaki na washa ya mpira. Inabadilishwa kwa bei ya soda, ilhali kauri iliyokwaruzika hutupwa yote.

Inatokea pia marumaru mpya zikawekwa juu ya za zamani, spindo ikawa fupi na mpini ukawa unasugua sahani. Omba nyongeza ya spindo. Zipo za meno 20 na za 24. Usichonge mpini.

Kufunga

Zungusha spindo ya kichwa kipya mpaka nusu wazi kabla ya kukifunga. Kikiwa kimefungwa kabisa, washa itagonga kiti kabla bega halijafika, na utadhani kimekaza kumbe unapasua mpira. Uzi huu ni mnyoofu, hauzibi maji wenyewe. Kinachoziba ni oringi au washa ya bega. Kwa hiyo tredi tepu usiizungushe kwa wingi, maana itaongezea unene na kuzuia bega kufika mahali pake. Paka oringi grisi ya silikoni, si grisi ya gari, ambayo hufurisha mpira. Anza kwa vidole mpaka mwisho, na kikigoma mapema toa uanze upya, kisha malizia kwa spana robo mzunguko hivi.

Fungua geti valvu polepole, mpini ukiwa bado haujafungwa. Zungushia karatasi ya chooni kavu kwenye shingo ya kichwa na uangalie kwa nusu saa koki ikiwa wazi, nusu saa ikiwa imefungwa. Kama nyumba ina pampu ya presha, jaribu ikiwa inafanya kazi: tanki lililo mita tatu juu ya koki linasukuma kwa takriban 0.3 bar tu, na uvujaji mdogo hujificha kwenye presha hiyo. Sahani usiirudishe siku hiyo. Iache hadi kesho, uguse saruji ya ndani kwa kidole. Ikiwa kavu, funga. Silikoni ipakwe juu na pembeni, chini uache pengo la sentimita mbili. Siku kichwa kikianza kuvuja tena, maji yatatokea hapo uyaone, yasiingie ukutani.

Kichwa kisipopatikana

Kuna mwili ambao vichwa vyake havitengenezwi tena, au uzi wake umelika. Hapo unaweza kuustaafisha mwili ukiwa mahali pake. Kichwa kikishatoka, njia ya maji kupitia kiti iko wazi moja kwa moja hadi kwenye bomba la shawa. Ziba tundu la kichwa kwa plagi ya brasi yenye bega na washa ya faiba, ya uzi ule ule. Usitumie ya chuma, itaota kutu ndani ya brasi. Kisha toa mkono wa shawa kule juu, na kwenye elbo iliyo ukutani funga stopkoki ndogo ya nje ya nusu inchi, uzi wa nje upande mmoja na uzi wa ndani upande wa pili. Zungusha tredi tepu mara kumi hadi kumi na mbili kuelekea upande wa kukaza. Mkono wa shawa unarudi mbele yake. Sahani ya kufunika bila tundu inaziba pale chini, na anayeingia bafuni hatajua kulikuwa na nini.

Njia hii ina gharama yake. Kipande cha bomba kati ya koki ya zamani na shawa kilikuwa kinapata presha wakati wa kuoga tu. Sasa kitakuwa nayo saa ishirini na nne. Kabla ya kuamua, fundi afunge pampu ya kupimia kwenye elbo ya shawa, apandishe hadi 3 au 4 bar na asubiri nusu saa sindano isishuke. Bomba la mwaka 1998 usilipime kwa 10 bar za bomba jipya, utalipasua mwenyewe. Na kama una shawa ya umeme, hiyo stopkoki ikae kabla ya shawa, kamwe isikae baada yake: hita za aina hiyo lazima ziwe wazi upande wa kutokea.

Kama chini ya shawa yenu kuna bomba la kukingia ndoo, kuna njia rahisi zaidi. Toa bomba hilo, funga koki ya njia mbili mahali pake: mdomo mmoja wa ndoo, wa pili unapandisha shawa ya nje yenye bomba la kromu linaloshikwa na vibano viwili. Vibano vitobolewe kwenye mistari ya grauti, sio katikati ya marumaru. Koki ya ukutani unaibakiza imezibwa kwa plagi, na tundu la shawa la zamani nalo linapigwa plagi. Si maridadi kama ya kuzama, ila ikiharibika tena unaibadilisha kwa dakika ishirini.

Pasipo budi kukata

Ukuta wa nyuma ukiwa na unyevu hata baada ya kichwa kipya, mwili ukiwa umepasuka au kiungo cha PPR kimezunguka, hakuna ujanja wa mbele utakaosaidia. Hata hapo usikate upande wa marumaru. Pima koki iko umbali gani kutoka kona na kutoka sakafuni, hamishia vipimo hivyo chumbani, na ukate kwa nyuma kidirisha cha sentimita 25 kwa 25 kwenye plasta na tofali. Angalia kwanza kama kuna waya wa umeme kwenye mstari huo, zima saketi. Koki mpya ifungwe kwa kina kile kile ili sahani ikae sawa upande wa bafuni, ijaribiwe kwa presha kidirisha kikiwa bado wazi, ndipo kizibwe. Ukitaka, badala ya plasta weka kifuniko cha mbao chenye skrubu nyuma ya kabati, ili anayefuata asihitaji patasi.